Picha Sitini za Wifi Yangu

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana najua mkifika katikati mtanikasirikia, na mtakuwa na haki. Muhuri uliogongwa kwenye zile picha niliugonga mimi. Si mashine, si mkubwa fulani, ni mkono huu huu wa kulia ambao kwa miaka kumi na tisa umegonga kila karatasi inayoingia na kutoka katika kituo chetu cha afya. Mimi ni karani wa masjala. Karatasi isiyopita kwangu haijazaliwa, na ikishapita kwangu haifi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapo hapo kituoni. Tunapendana kama mawifi wanavyopendana, yaani kwa maneno makali. Yeye husema mimi nimeolewa na muhuri, kaka yake nimemchukua kama nakala. Mimi humwambia anashinda na vichanga mpaka akili yake nayo inaota meno.

Mwaka juzi utani ulikatika kwa muda. Mama mmoja alileta mtoto wa miezi tisa aliyekabwa na kifungo cha shati. Alikimbia naye kutoka nyumbani karibu nusu saa, akimpepea, akimtikisa, akimpa maji, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia afanye kitu kingine. Walipofika mlangoni mtoto alikuwa ameshapoa. Wifi alijaribu yote anayoyajua, akashindwa. Yule mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwani dada, mimi ningefanya nini?" Wifi angemjibuje, na jibu lenyewe ni kitu cha sekunde tano?

Tangu siku ile wifi alikuwa na wazimu mmoja: kila mama anayekaa kwenye mabenchi yetu asiondoke kabla ya kujua. Na kukaa wanakaa. Mtu akifika saa mbili, mtoto wake anapimwa uzito saa tano. Wakati wote huo wanatazama skrini iliyopachikwa ukutani, na skrini hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ikionyesha picha moja: mwenyekiti wetu akikata utepe siku ya kuizindua skrini hiyo hiyo.

Basi wifi akachora. Sikujua kama anajua kuchora. Alichora kwa kidole kwenye simu, wakati wa chai, kwenye foleni ya benki, hata msibani nilimwona ameinama nikadhani analia. Alichora picha sitini, moja baada ya nyingine, akaziunganisha zikawa zinatembea. Mtoto amelazwa kifudifudi juu ya mkono wa mama, kichwa kiko chini kuliko makalio. Kiganja cha mama kinashuka katikati ya mabega: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha mtoto anageuzwa, mama anatazama mdomoni, anatabasamu. Sekunde sita, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna maandishi, maana wengine hawasomi, na wanaosoma hawasomi wakiwa wamechanganyikiwa. Alikuwa na ya pili pia, ya kukandamiza kifua kwa vidole viwili endapo mgongo umeshindwa.

Tatizo likawa ni aina ya faili. Simu yake ilitoa WebP, ile ile ya vikaragosi ambavyo watu hutumiana wakitaka kutukanana kwa upole. Skrini ya ukumbini ni ya zamani, picha inayotembea inayoijua ni GIF peke yake. Ukiipa kitu kingine inasita kidogo, halafu inakurudishia mwenyekiti na utepe wake.

Wifi akamleta fundi wa kompyuta ofisini kwangu, kwa kuwa kompyuta ya masjala ndiyo pekee ambayo mausi yake haijafungwa kwa plasta.

"Programu mpya haturuhusiwi kuweka," fundi alisema. "Ila kivinjari tunacho, na kivinjari kinatosha."

Akafungua ukurasa fulani wenye kisanduku kikubwa katikati. Akaburuta faili la wifi, akalitumbukiza kisandukuni, akachagua GIF, akabonyeza. Sikuwahi hata kumaliza kupiga miayo. Faili jipya likatokea, na mtoto yule yule akawa anapigwa mgongo juu ya meza yangu: moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Basi?" wifi aliuliza.

"Basi," fundi alisema.

Wifi alinikumbatia mpaka miwani ikapinda. "Nipe flashi, wifi yangu, nikaichomeke sasa hivi. Leo kuna akina mama arobaini pale nje."

Na hapo ndipo mdomo uliponiponza. Sikuwa na nia mbaya. Ni mazoea tu, kama mtu anavyosema "afya" ukipiga chafya. Niliuliza, "Ina namba?"

Ilikuwa haina. Kitu kisicho na namba hakitoki masjala, na kitu cha kuonyeshwa umma hakipewi namba mpaka kipite Kamati ya Picha na Matangazo. Niliyasema hayo yote nikiwa nimenyooka kitini, nikijisikia mtu wa maana. Wifi akaitazama flashi, akanitazama mimi, akaniambia, "Wifi, siku ukifa tutakuzika na fomu."

Mwenyekiti wa kamati hiyo, yule yule wa utepe, tunamwita Bwana Utaratibu, ila akiwa hayupo tu. Ni mtu safi, hana rushwa, hana hasira, hachelewi. Kalamu yake inaning'inia shingoni kwa kamba ili isiazimwe. Akiingia chumbani anasalimia kwa kufuata vyeo, na kama amekosea mpangilio anaanza upya. Watu wa aina hiyo ndio wanaonitisha siku hizi. Mwizi utamfunga, mlevi atalala, lakini mtu mwema aliyeshika kanuni vibaya utamfanya nini?

Kikao cha kwanza kilihusu usalama. Mkuu wa ulinzi, ambaye ni mjumbe kwa sababu skrini iko ukutani na kuta ni zake, alitaka kujua picha ya kituo imepelekwa wapi ilipotumbukizwa kwenye kile kisanduku.

"Haikwenda popote," fundi alisema. "Kazi yote inafanyika humu humu ndani ya kivinjari. Hata ukurasa wenyewe umeandika kwamba faili lako haliondoki kwenye kompyuta yako."

"Umeshaona mwizi gani akibandika tangazo kwamba anaiba?"

Fundi, kijana wa watu, akadhani akionyesha kwa macho ataeleweka. Akachomoa waya wa mtandao mbele ya wajumbe wote, akaushika juu kama nyoka aliyeuawa. Kisha akaburuta faili, akabonyeza, na GIF ikatoka vile vile kama siku ile. "Mnaona? Hakuna mtandao, na bado inafanya kazi. Ingekuwa inapeleka kitu nje ingekwama."

Nikadhani ameshinda. Mkuu wa ulinzi akakuna kidevu, akasema polepole, "Kwa hiyo inaweza kutuibia hata tukikata waya."

Niliandika hivyo hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, maana mimi ndiye mwandishi. Waya ukachukuliwa kuwa kielelezo, na masjala tukakaa wiki mbili bila mtandao.

Kikao kilichofuata kilikwama kwenye rangi. Fundi alifanya kosa la ukweli. Alisema kwamba GIF haibebi rangi zaidi ya mia mbili hamsini na sita, kwa hiyo shavu la mtoto lingekuwa na vidotidoti kidogo, si neno.

"Na rangi nyingine?" Bwana Utaratibu akauliza.

"Zinaachwa, mzee."

"Zinaachwa na nani?"

Fundi akaonyesha kompyuta. "Na kivinjari."

"Kivinjari ni mtumishi wa hapa?"

Kamati ikaagiza iletwe orodha ya rangi zote zilizoachwa, kila moja na sababu yake. Orodha ilikuja na kurasa kumi na moja. Ilisomwa kwa sauti. Kuanzia ukurasa wa nne sababu zote zilikuwa "inafanana na jirani yake", na mjumbe mmoja alisinzia mpaka akaangusha bilauri.

Wifi alikuwa haketi. Kila jioni alipita dirishani kwangu na hesabu yake. "Wiki hii wamepita akina mama mia mbili, wifi. Wiki jana mia mbili na kumi. Wote wameondoka wanajua mwenyekiti anavyokata utepe." Nilimwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu kwamba mtoto akikabwa anazo dakika chache tu, baraka tutaziwekea wapi? Nikajifanya natafuta gundi.

Kikao cha tatu ndicho kilichoniharibia usingizi. Bwana Utaratibu alifungua kanuni, akasoma kwamba kila picha inayoonyeshwa kwa umma lazima iwe na namba yake na muhuri wake. Akamgeukia fundi. "Hii ni picha moja au ni picha nyingi?"

Laiti fundi angesema moja, pengine hadithi ingeishia pale. Lakini ule ukurasa una kitufe cha kutenganisha, na yeye anapenda vitufe. Akakibonyeza, zikamwagika picha sitini, zimepangwa vizuri, zimehesabiwa. Bwana Utaratibu alizitazama kwa furaha ya mtu aliyefumania.

Ikaamuliwa zichapishwe zote, kila moja igongwe muhuri, ziskaniwe, kisha zirudishwe kwenye kivinjari ziunganishwe upya ziwe GIF iliyoidhinishwa. Nikazigonga mimi. Nisiwafiche, nilifurahia. Kazi ya masjala siku nyingi ni kavu, na hapa nilikuwa na picha nzuri za kitoto, wino mpya mwekundu, na kamati nzima imesimama inatazama mkono wangu unavyopanda na kushuka. Sikupima mahali. Niligonga pale mkono ulipoangukia, huku juu, kule chini, pembeni, katikati. Karatasi moja moja, nani angejali?

Karatasi zikatandazwa kwenye meza ndefu. Bwana Utaratibu akazizunguka, miwani ameishusha puani. Akasimama.

"Namba moja na namba kumi na moja zina tofauti gani?"

"Hiyo ni pigo la kwanza, hiyo ni la pili," wifi alisema. "Anapigwa mara tano, mzee."

"Lakini picha ni ile ile."

"Ni ile ile kwa kuwa tendo ni lile lile."

"Basi ni nakala. Na ishirini na moja? Nakala. Thelathini na moja? Nakala." Alikuwa anaongea kwa upole kabisa. "Mwanangu, kanuni hairuhusu nakala kwenye daftari bila sababu ya maandishi. Tumeshaelewa pigo lilivyo. Sisi ni watu wazima."

"Nyinyi mmeelewa, mzee wangu. Kitu kilichokwama kooni hakielewi. Kinataka kusukumwa."

Mkuu wa ulinzi akainua mkono. "Mimi nina wasiwasi na hizo mara tano. Watu watasema kituo kinahimiza kupiga watoto. Mara moja inatosha kuonyesha, tena inaonekana ya heshima."

Vichwa vikatikisika kwa kukubali kuzunguka meza yote. Wifi akanigeukia mimi. Yeye si mtu wa kuomba, lakini macho yake yaliniomba. Na mimi nilikuwa na la kusema! Masjala tunaweka kila barua nakala tatu, moja ya faili, moja ya mkubwa, moja ya panya. Ningesimama nikasema, "Mwenyekiti, marudio ndiyo kazi yetu humu ndani, mbona mnamnyima mtoto?" Wangecheka, pengine wangelegea. Badala yake niliinamisha kichwa nikaandika: picha arobaini zimeondolewa kwa kuwa ni marudio. Ziliteketezwa uani mbele ya mashahidi wawili. Shahidi mmoja ni mimi.

Zikabaki ishirini: pigo moja, mtoto anageuzwa, mama anatabasamu. Ile picha ya pili, ya kifua, ikaambiwa isubiri, maana kamati imechoka.

Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa tena. Fundi akachomeka flashi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Muhuri wangu ulikuwa unaruka! Kwa kuwa kila picha ilikuwa na wa kwake mahali pake, zilipotembea ule mviringo mwekundu ukawa unarukaruka kama kiroboto, mara kwenye paji la uso, mara kwenye kona, mara miguuni. Katika picha ya saba uliangukia juu kabisa ya kiganja, kwa hiyo ilionekana kwamba anayempiga mtoto ni muhuri. Watoto waliokuwa wakubwa kidogo walisimama kwenye mabenchi wakijaribu kuukamata. Mama mmoja alimvuta wifi gauni. "Dada, huu mchezo wa duara unachezwaje?"

Wifi akaanza kusimama mbele ya mabenchi na mwanasesere, akionyesha mwenyewe, mara tano, kwa sauti. Alifanya hivyo siku mbili. Siku ya tatu ikaja barua kwamba maelezo ya mdomo yanapingana na tangazo lililoidhinishwa, aache. Akabaki kunong'ona akiwa anapima uzito: "Mara tano, mama, usisikilize ukuta." Lakini wapimaji ni watatu, na yeye ana mdomo mmoja.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa napita ukumbini na rundo la mafaili. Benchi la mbele alikaa mama wa mapacha, tunamjua wote, wanawe wana miezi kumi na kila wiki mmoja ana mafua. Alikuwa anamenya chungwa. Pacha mmoja akanyakua kipande akakibana mdomoni. Kisha akawa kimya.

Watu husema mtoto aliyepaliwa hukohoa. Akikohoa ana nafuu. Huyu hakutoa sauti yoyote, alifungua mdomo tu na macho, na midomo ikaanza kuwa ya buluu. Mama yake akaona. Na nataka mjue kwamba yule mama hakuzubaa, hakupiga yowe, hakuomba maji. Alifanya kama alivyofundishwa. Alimlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, safi kabisa. Akampiga mgongoni mara moja. Akamgeuza. Akatazama mdomoni. Akangoja.

Hakurudia. Alitazama ukutani, akamtazama mtoto, akatazama ukutani. Kule ukutani mama wa kwenye picha alikuwa anatabasamu, na muhuri wangu unaruka.

Mafaili yaliniponyoka. Nikapiga ukelele wa jina la wifi, sijui nilipata wapi sauti. Alitoka chumba cha sindano mbio, hakuuliza, akampokonya mtoto, akamlaza, akapiga. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nilikuwa nahesabu kwa sauti bila kujua. Tano, na mbegu ya chungwa ikaruka sakafuni, ndogo, haifikii hata kucha ya kidole cha mwisho. Mtoto akavuta pumzi, akalia, na pacha mwenzake akalia kwa kumwona analia. Nilikaa chini pale pale juu ya mafaili ya serikali.

"Nilikosea wapi, dada?" mama wa mapacha alikuwa anauliza. "Nilifanya kama pale. Nilifanya kama pale kabisa."

Wifi alimshika mabega, akamwambia hakukosea hata kidogo. Kisha akanitazama mimi niliyekaa chini. Nilitamani anitukane.

Kamati ilikutana kwa dharura, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niajiriwe. Nikadhani wameona aibu. Nilikwenda na kalamu mbili. Bwana Utaratibu akaniamuru niandike barua kwa muuguzi husika, ajieleze ndani ya siku saba, kwa nini mtoto alipigwa mgongoni jumla ya mara sita, ambazo ni tano zaidi ya idadi iliyoidhinishwa na kuonyeshwa kwa umma.

Niliiandika. Mkono ulikuwa mzito lakini niliiandika, nikaigonga, nikampelekea mwenyewe. Wifi alisoma, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akageuza karatasi akajibu nyuma yake kwa mstari mmoja: "Kwa sababu mbegu haikutoka kwa pigo la kwanza."

Maelezo hayo yalijadiliwa saa mbili. Mwishowe Bwana Utaratibu, kwa sauti ile ile ya upole, akanisomea azimio. Kwa kuwa mbegu ilitoka kwenye pigo la sita peke yake, kamati ndogo ichunguze kama mapigo manne yaliyotangulia hapo katikati yalikuwa na ulazima wowote.

Kalamu yangu ilisimama. Nilimtazama yule mzee, kalamu yake shingoni, uso wake mwema, na nikasikia hasira inanipanda kutoka miguuni. Miaka kumi na tisa nimedhani kazi yangu ni kuweka mambo sawa. Nilifunga daftari, nikasema naomba ruhusa nikachukue wino.

Sikwenda kuchukua wino. Nilikwenda kwenye kompyuta yangu, nikafungua kivinjari, nikatafuta ule ukurasa wenye kisanduku. Picha za wifi nilikuwa nazo kwenye simu, zote mbili, alinitumia kitambo akitaka nimsifie. Nikaiunganisha simu na kompyuta, nikaziburuta kama nilivyomwona fundi akifanya. Nikachagua GIF. Nikabonyeza. Mara hii nilihesabu: sekunde nne. Miezi mitano ya vikao, na kazi yenyewe ilikuwa sekunde nne.

Nilitembea na flashi mkononi katikati ya ukumbi, asubuhi kweupe, watu wote wananiona. Nikachomoa ile yenye muhuri nikachomeka yangu. Skrini ikasita, nikaomba isiniletee utepe. Haikuleta. Mtoto akatokea, safi, hana alama hata moja. Moja, mbili, tatu, nne, tano, akageuzwa. Kisha vidole viwili kifuani. Kisha tena kutoka mwanzo. Baadaye bibi mmoja aliyemleta mjukuu akaanza kuhesabu kwa sauti, na waliokuwa karibu naye wakamfuata.

Kelele za kuhesabu ndizo zilizomtoa Bwana Utaratibu kikaoni. Akaja na mkuu wa ulinzi nyuma yake.

"Hii imeidhinishwa na nani?"

"Hakuna aliyeiidhinisha, mzee."

"Basi iondolewe mara moja."

"Sawa, mzee wangu," nilisema, na nilikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kuwa. "Fomu ya kuondoa ninayo. Nipe tu namba ya picha niijaze."

Akafungua daftari. Akalipekua mbele, akalipekua nyuma. Picha haikuwa na namba. Mkuu wa ulinzi akanyoosha mkono kuichomoa, Bwana Utaratibu akamshika kiwiko. "Huwezi kuondoa kitu ambacho hakijasajiliwa," alimwambia, na nilimwona anaumia kweli, maana ni mtu mwaminifu. "Kwanza isajiliwe." Na kuisajili, nikamkumbusha kwa heshima zote, ni lazima itenganishwe, ichapishwe, nigonge kila moja muhuri, na mimi wino umeniishia, niliomba ruhusa ya kuufuata.

Nilipewa onyo kali, nakala tatu. Nililigonga mwenyewe. Kamati ndogo ya kuchunguza mapigo manne bado inatafuta mjumbe wa tano. Na ile picha, ambayo kwa mujibu wa daftari haipo ukutani, iko ukutani kila siku kuanzia saa mbili.

Mimi na wifi tumerudia utani, ingawa kuna vitu hatuvitanii. Siku za kliniki, nikimaliza barua za asubuhi, nashuka kumsaidia kuandika kadi. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja ambaye hakuna kati yetu aliyemkumbuka, mtoto ameshikwa ubavuni, anatafuna ncha ya kanga ya mama yake. Akamvua nguo, akamweka kwenye mizani, akasema kama mtu anayeeleza kwamba jana mvua ilinyesha, "Huyu alipaliwa na karanga juzi nyumbani. Ilitoka kwa pigo la tatu."

"Nani alimpiga?" wifi aliuliza.

"Si mimi? Tulikuwa wawili tu."

Wifi akainama kusoma mizani. Akapangusa macho, akasoma tena, hakuona kitu. Nikamsogeza kidogo kwa bega nikasoma mimi. Kilo nane na nusu.